Supu Iliyochujwa

Kazi yangu ni kutazama watu wakimeza. Ukisikia hivyo utadhani nafanya mzaha, lakini ndiyo kazi yenyewe. Mimi ni muuguzi katika makao ya wazee hapa Irving, Texas, upande ambao ndege hupita chini mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, na wengi wa wazee wangu wamepatwa na kiharusi. Koo zao zimesahau kazi. Namkalisha mzee wima, namtia kijiko cha uji mzito mdomoni, kisha naweka vidole viwili juu ya koromeo lake na kusubiri. Likipanda na kushuka, najua chakula kimeshika njia yake. "Imepita," nasema, kwa Kiswahili, hata kama mzee ni Mtexas mtupu ambaye hajawahi kulisikia neno hilo. Baada ya wiki mbili tatu huwa wanalijua. Wengine huniuliza kwa macho kabla sijasema.

Miaka kumi na moja ya kazi hiyo. Naweza kutofautisha kikohozi cha mafua na kikohozi cha mtu ambaye maji yamekwenda njia mbaya, nikiwa chumba cha pili na televisheni inapiga kelele. Nayasema haya mapema ili ujue anayekusimulia ni mjinga wa namna gani.

Kaka yangu mkubwa aliishi Houston, mtaa wa Sharpstown, peke yake. Yeye na mkewe waliachana zamani na hawakujaliwa watoto. Aliendesha malori, lakini kazi yake ya kwanza Marekani, kabla hajajua kuendesha hata gari dogo, ilikuwa kuosha vyombo kwenye mkahawa mmoja mkongwe wenye meza kumi na mbili, dari ya chini, na viti vya mbao ambavyo hakuna viwili vinavyofanana. Usiuite mkahawa wa Kihispania. Mwanamke mwenye mkahawa atakutolea macho. Yeye ni Mgalisia, kutoka ile pembe ya Uhispania yenye mvua na ukungu. Sisi tunamwita Mama, kwa sababu kaka alianza kumwita hivyo naye akakubali. Marehemu mumewe alikuwa Mbaski, mtu wa kabila jingine la huko huko Uhispania, na kwa maelezo ya kaka, wale wawili waligombana jikoni kila siku ya Mungu. Mzee alikuwa na samaki wake mkavu wa chumvi, ambaye alimlowesha siku mbili kisha akamtikisa kwenye sufuria ya mafuta na vitunguu saumu mpaka mchuzi ukawa mzito wenyewe. Mama alikuwa na supu yake. Mzee alipofariki, kofia yake bapa ilibaki kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, na samaki akabaki kwenye menyu. Mama anampika mwenyewe siku hizi, akinung'unika.

Supu ndiyo iliyomshika kaka. Ni viazi, maharagwe meupe, mfupa wa nguruwe, na majani ambayo mtu wa kwetu akiyaona ataapa ni sukuma wiki. Siku yake ya kwanza kazini alipewa bakuli, akala amesimama kando ya sinki. Aliniambia aligeuka kutazama kama kuna Mkenya nyuma ya jiko.

Alipopata leseni ya malori alimuaga Mama akamwambia kwamba kuanzia sasa atakaa upande wa wateja. Na kweli akakaa. Meza ya pembeni dirishani ikawa yake. Mimi nilipokuja Marekani kusomea uuguzi, alinipeleka pale kabla hajanipeleka kanisani, na kwa jinsi kaka alivyolipenda kanisa, hiyo si habari ndogo.

Kanisa lake, kama mengi ya watu wetu huku, huanza mwaka kwa mfungo wa siku ishirini na moja. Wengine hufunga mpaka jioni, wengine wanaishi kwa maji, chai na supu nyepesi. Kaka alikuwa wa kundi hilo la pili, na hakuwa mtu wa kudokoa. Siku ya kufungua, badala ya kwenda kwenye pilau ya kanisa, alinisubiri mimi. Ningeendesha gari kutoka Irving, saa nne za barabara iliyonyooka kama rula, nasi tungefungulia kwa Mama, Jumamosi mchana. Supu kwanza ili tumbo lizoee, kisha samaki wa mzee, kisha pweza. Sisi ni watu wa milima ya chai. Pweza tulimjua kwenye kitabu cha sayansi. Mwaka wa kwanza nilimwambia kaka kwamba kitu chenye miguu minane kisiletwe mbele yangu. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akachoma kipande kwa kijiti cha meno kutoka kwenye sahani ya mbao, kinang'aa mafuta ya zeituni na pilipili nyekundu ya unga, akanisogezea mdomoni kama ninavyowafanyia wazee wangu sasa.

"Tafuna, daktari," alisema. "Usimeze haraka. Huyu hataki haraka."

Daktari ndilo jina alilonipa hata kabla sijavaa sare. Nilitafuna. Tangu siku hiyo sijawahi kuacha kipande kwenye ile sahani.

Mwaka jana siku ishirini na moja zilikwisha na kaka hakufungua. Aliandika kwenye kikundi cha familia kwamba amesikia msukumo wa kuendelea mpaka arobaini. Simu ilijaa mikono ya maombi. Mama yetu, aliye nyumbani, alituma sauti akilia kwa furaha, akisema sasa anaweza kufa kwa amani kwa kuwa amezaa mtu wa Mungu. Kanisani walimpa aongoze maombi ya alfajiri. Mimi nilijivuna. Kazini niliwaambia wenzangu kwamba nina kaka anayefunga siku arobaini, nao wakasema Waafrika mna nguvu. Tulipoonana kwenye simu, mashavu yake yalikuwa yamebonyea na macho yamekuwa makubwa, nikajiambia huo ni uso wa mtu aliyekaa karibu na Mungu.

Siku ya thelathini na kitu alituma ujumbe wa sauti, zaburi na maneno machache ya kututia moyo. Katikati alinyamaza, akanywa kitu, akakohoa. Kikohozi kifupi cha majimaji, kisha kingine. Nilikuwa kwenye maegesho ya kazini, nimevaa sare, kitambulisho shingoni. Nilikisikia. Mzee wangu yeyote angekohoa hivyo ningemnyang'anya kikombe na kupiga kengele. Nilisikiliza ujumbe mpaka mwisho, nikaandika Amina.

Sijui niseme nini zaidi kuhusu hilo. Nimelieleza kwa mchungaji wangu, nimelieleza kwa rafiki ninayemwamini, na halipungui.

Tulikutana mkahawani kwa Mama katikati ya Februari, siku arobaini zimekwisha. Kaka alikuwa ameshafika, amekaa mezani kwake na koti zito, ingawa Houston haikuwa na baridi ya koti. Alisimama kunisalimia. Nilikumbatia koti, ndani yake mtu alikuwa mbali.

"Bro, umeisha," nilimwambia.

"Mungu anapunguza mizigo. Kaa. Nimesha-order, usisumbuke na menu."

Supu yangu ilikuja kwenye bakuli, na viazi na majani yake. Ya kaka ilikuja kwenye kikombe, laini, bila hata punje ya haragwe. Nilidhani Mama anamhurumia mtu anayefungua mfungo mrefu. Kilichonishtua kilikuwa chai. Kwetu, chai ikikuacha na ulimi mzima, mwenyeji amekudharau. Kaka alikuwa amezoea kuimimina kutoka kwenye chupa ikiwa bado inafuka moshi na kuibugia kabla mimi sijathubutu kushika kikombe. Siku hiyo aliiweka pembeni akaiacha ipoe. Nikaanza kumtazama, na nilipoanza kumtazama sikuweza kuacha, maana ndiyo kazi yangu.

Alichukua funda dogo la supu, dogo kuliko ninavyowapa wazee. Akameza. Akafumba macho, akameza tena, akameza mara ya tatu funda lile lile. Mkono wake ukaenda kifuani, chini ya shingo, ukabonyeza. Kisha akamega mkate, akatia kipande mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu huku akiniuliza habari za kazi, akajifuta midomo kwa kitambaa. Kitambaa kikaingia mfukoni mwa koti. Mkate nao ulikuwa ndani yake.

Niliweka kijiko chini, nikanyoosha mkono juu ya meza, nikaweka vidole viwili kwenye koo lake.

"Meza."

"Daktari, watu wanatuangalia."

"Kunywa supu umeze, kaka."

Akanywa. Koromeo lilipanda vizuri, likashuka vizuri, na kwa nusu sekunde nilimshukuru Mungu. Kisha supu ikarudi. Aliwahi kushika kitambaa kingine, akakohoa ndani yake, kikohozi kile kile cha kwenye simu. Koo lilikuwa zima. Kilichofungwa kilikuwa chini zaidi, mahali ambapo vidole vyangu havifiki.

Mama alitoka jikoni na taulo begani. Alikitazama kikombe, akamtazama kaka, akasema kwa Kiingereza chake cha kukwaruza, "Hata hii? Wiki iliyopita ilipita nilipoichuja mara mbili."

Nilimuuliza wiki iliyopita ipi, na anachuja tangu lini. Akasema tangu Oktoba. Kaka alikuja kila wiki kuchukua chombo cha supu. Kwanza aliacha mkate, kisha nyama, kisha akaomba majani yasagwe. Alimwambia ni meno. Mama alikuwa hata amemtafutia daktari wa meno. Aliposema hivyo alianza kuelewa mwenyewe, nikamwona anashika mgongo wa kiti.

Kanisa lilijua ni mfungo. Mama alijua ni meno. Mimi nilijua ni Mungu. Kila mmoja alikuwa na jibu lake na kila mmoja alikuwa ameridhika nalo.

"Oktoba," nilisema. "Mfungo ulianza Januari."

"January ilipofika nilishukuru sana," kaka alisema. "Hakuna mtu alikuwa anakula. Hakuna mtu ananiuliza mbona sahani imebaki. Nilipumzika."

"Na mimi? Hii ndiyo kazi yangu! Ungenipigia mimi!"

"Ndiyo maana sikukupigia. Wewe ungejua."

Nilimwita mjinga mbele ya wateja wote. Nilimwita mengine pia, kwa lugha ya nyumbani, ambayo sitayaandika. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, polepole, akigeuza kikombe mezani, "Nilimwambia Mungu, kama ni kufunga, nitafunga mpaka ufungue hii kitu. Siku twenty-one zikaisha, haijafunguka. Nikasema labda ni chache. Nikamwongezea."



Wiki hiyo hiyo tulikuwa hospitali. Daktari alimuuliza kama anapenda vinywaji vya moto sana, kaka akacheka kwa sauti yake mpya iliyokwaruza. "Daktari, mimi nimelelewa na hiyo," alimwambia. Daktari hakusema kama ndicho chanzo, naye kaka hakuuliza. Ilikuwa saratani ya umio, ile njia ya kushukia chakula, na ilikuwa imeshafika kwenye ini. Nilimfuata daktari kwenye korido, nikamuuliza swali moja: je, kama tungekuja Oktoba, angepona? Alisema hawezi kujua. Mimi pia nimewahi kuwajibu hivyo jamaa za wagonjwa, tena kwa sauti hiyo hiyo ya upole. Najua jibu hilo hutumika lini.

Walimwekea mrija tumboni. Nilichukua likizo nikahamia kwenye kochi lake Sharpstown. Mara tano kwa siku nilimimina maziwa ya kopo kwenye mrija, yakashuka bila kuuliza koo ruhusa. Hata mate yake hayakupita sasa. Alitembea na kikombe cha karatasi akitema. Tiba ya mionzi haikuwa na maana tena, walisema, isipokuwa kumtuliza maumivu, na haikumtuliza sana. Mama yetu alipiga simu kila asubuhi kuuliza amekula nini. Kaka alijibu ameshiba. Hakudanganya, ukifikiria, lakini mimi nilikuwa natoka nje kwenye ngazi ili nisisikie.

Watu wa kanisa walikuja, wengi, na vyungu vya chakula. Chakula! Waliviweka jikoni wakaona aibu, wakaimba. Kisha mzee mmoja wa kanisa akasema wameamua kufunga kwa ajili yake, siku saba, kanisa zima. Niliufungua mlango nikawaonyesha ngazi. Mpaka leo sijaomba msamaha, ingawa najua walikuja kwa upendo, na ingawa ni wao hao waliobeba jeneza baadaye.

"Waache," kaka alisema walipoondoka. "Mimi ndiye niliwadanganya. Wao waliamini tu."

"Na mimi niliamini."

"Wewe uliamini zaidi," akasema, na alitabasamu, kama vile alikuwa ananisifu.

Wiki tano kabla hatujamzika, Jumamosi moja asubuhi, nilimkuta amevaa. Alikuwa na shati jeupe la kanisani, kola imemwacha shingo peke yake, na viatu amevipiga rangi.

"Nipeleke kwa Mama," alisema.

"Kufanya nini?"

"Kula."

Nilidhani ni dawa za maumivu zinazungumza. Nilipiga magoti nianze kumvua viatu. Akanishika bega. "Si mimi," alisema. "Wewe. Mwaka huu hatukufungua vizuri."

Nilitaka kukataa. Nilimwambia ni kujitesa, nikamwambia maegesho ya pale ni mabaya, nikamwambia mrija unatakiwa kusafishwa. Alisubiri nimalize, kama alivyonisubiri siku ile.

Mama alituona kupitia dirishani akaja mwenyewe mlangoni. Alimshika kaka mkono akampeleka kwenye meza yake, na kaka akaagiza bila kutazama menyu: supu, samaki wa mzee, pweza. Mama hakuandika. Supu ilipokuja, aliweka bakuli mbele yangu na kikombe kidogo mbele ya kaka, kilichochujwa mpaka kimekuwa kama maji ya mchele. Alijua hakipiti. Alikileta tu. Kaka alichovya ncha ya kidole, akajipaka kwenye midomo, kisha akainamia mvuke kwa muda mrefu.

"Maharagwe yameiva?" aliniuliza.

"Yameiva."

"Chumvi?"

"Iko sawa."

"Usiniambie iko sawa. Niambie vizuri."

Nikamweleza. Nikamwambia viazi vimeanza kuvunjika na kuufanya mchuzi mzito, majani yana uchungu kidogo mwishoni, mafuta ya mfupa yamekaa juu kwa vijiduara. Alikuwa akitikisa kichwa. Samaki nilimweleza pia, jinsi anavyoachana vipande bila kisu. Mkononi alishika kikombe chake cha karatasi, na mara kwa mara aligeukia dirisha akatema, kwa adabu, kisha akarudi. Watu wa meza ya jirani waliomba wahamishwe. Mama aliwaambia hakuna nafasi, na nafasi ilikuwepo.

Pweza alipofika kwenye sahani yake ya mbao, nilichoma kipande, nikatia mdomoni, nikatafuna. Nilitafuna nikatafuna. Mimi niliyewafundisha watu hamsini kumeza upya, nilikaa pale na kipande cha pweza shavuni, machozi yanashuka mpaka kidevuni, sijui nikipeleke wapi. Niliwaza kukitema kwenye kitambaa na kukitia mfukoni. Nikawaza kwamba miezi yote ile yeye alifanya hivyo hivyo, na mimi nilikuwa kwenye simu naandika Amina.

Kaka aliweka kikombe chini. Akanyoosha mkono juu ya meza, polepole, maana mkono ulikuwa mzito kwake sasa, akaweka vidole viwili kwenye koo langu. Vilikuwa baridi.

"Meza, daktari."

Ilinichukua muda. Hakuondoa mkono. Mwishowe nikameza, na kikashuka.

"Imepita," alisema.

Akachukua kijiti cha meno, akachoma kipande kingine, akanisogezea mdomoni. Nikakila nacho. Akarudisha vidole vyake kooni pangu akasubiri, akasema tena, na tukaendelea hivyo, kipande kimoja kimoja, mpaka sahani ikabaki mbao tupu.